Ulinganisho wa geji za joto la oili: bamba la filta, boliti ya sampu au kusoma kwa OBD?

Kipandamlima (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Nina gari lenye injini ya petroli ya lita 2.0 yenye turbo, ambalo mara kwa mara huvuta tela kwenye miinuko mirefu. Dashibodi yake ina geji ya maji na taa nyekundu ya presha ya oili, basi; na taa ile, kama mnavyojua, huwaka wakati fundi ameshapata kazi. Kwenye mwinuko sindano ya maji hukaa katikati bila kutikisika tangu chini hadi juu, ilhali feni inanguruma na joto la chini ya boneti nalisikia hadi miguuni. Nimeamua kufunga geji ya joto la oili, lakini nimekwama kwenye kuchagua.

Njia ninazozilinganisha ni tatu. Ya kwanza ni bamba la alumini linalokaa baina ya bloku (mwili wa injini) na filta ya oili, lenye matundu ya kukazia sensa. Ya pili ni kuondoa boliti ya kumwagia oili na kuweka mahali pake boliti iliyotobolewa ili ipokee sensa, hivyo kipimo kichukuliwe ndani ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ya tatu ni kutogusa spana kabisa na kusoma joto kupitia soketi ya OBD, ile ya kuunganisha vifaa vya kuchunguza kompyuta ya gari, kwa kifaa kidogo chenye kioo au kwa simu. Bei si hoja kubwa kwangu. Ninachotaka ni namba ninayoweza kuiamini nikiwa nimekanyaga mafuta. Wenye uzoefu naomba mnilinganishie. Nawasilisha.

FundiUmeme

Mkuu Kipandamlima, sindano yako ya maji si mbovu. Imetengenezwa ikae hivyo. Katika magari mengi ya siku hizi mtengenezaji huifanya isimame katikati kwa upana mkubwa wa joto, takriban kuanzia nyuzi 75 hadi 105 za sentigredi, ili dereva asihangaike kila joto linapopanda au kushuka kidogo. Tena maji yana thamostati (vali inayofunguka kwa joto) na feni za kuyarudisha kwenye kiwango chake, wakati oili katika magari mengi hufuata mzigo tu. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, maji hufikia joto la kazi mapema, na oili huchukua kama mara mbili ya muda huo. Halafu kwenye mwinuko mrefu maji hutulia, lakini oili huendelea kupanda polepole kwa sababu inabeba joto la beringi, la upande wa chini wa pistoni na, kwa gari lako, la shafti ya turbo.

Sasa ulinganisho wenyewe. Watu wengi huanza kwa kuuliza geji ipi ni nzuri, ilhali kinachobadilisha namba kuliko kitu kingine chochote ni mahali sensa inapokaa. Sensa iliyo ndani ya sampu inasoma oili iliyokwisha kuzunguka injini nzima, ikadondoka, ikachanganyika na kupozwa kidogo na upepo unaopita chini ya gari. Sensa iliyo kwenye bamba la filta inasoma oili iliyotoka kwenye pampu muda huo huo na inayoelekea kwenye beringi, nayo inapita kwa kasi, kwa hiyo badiliko la mzigo huonekana mapema. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonyesha joto lililomo ndani ya beringi yenyewe, ambalo wakati wa mzigo mzito huwa juu zaidi. Kwa gari linalovuta tela, mimi ningechagua bamba.

MamaTela

Naheshimu maelezo ya FundiUmeme, ila bamba lisisifiwe kana kwamba linaingia kwenye kila gari. Huisogeza filta mbali na bloku kwa sentimita mbili au tatu, na katika gari langu, ambalo filta yake inatazama chini karibu na bomba la ekzosi, sentimita hizo hazipo. Magari mengi mapya hayana hata filta ya kopo. Yana karatasi tupu ndani ya nyumba ya plastiki, na hapo bamba halina pa kushika, labda upate mfuniko maalumu wenye tundu la sensa. Hata penye nafasi, angalia meno ya boliti ya katikati kabla ya kuagiza. Saizi mbili zinazoonekana sana ni 3/4-16 (ya inchi) na M20 x 1.5 (ya milimita), nazo zinafanana kwa macho kiasi kwamba ile isiyo yake huingia mizunguko miwili ya kwanza bila ubishi, kisha huanza kula meno.

Mimi natumia sensa ya kwenye boliti ya sampu, na kwa miinuko mirefu inanitosha. Ni kweli kwamba haikimbii. Ukikanyaga mafuta kwa ghafla haikuambii lolote. Lakini oili haipati joto kwa ghafla. Mwinuko unaotesa injini ni ule unaochukua dakika nyingi, na katika muda huo sampu nzima huwa imeshapata habari. Masharti ni mawili. Kwanza, ncha ya sensa iwe ndefu ya kutosha kuingia ndani ya oili inayozunguka. Boliti nyingine huiacha sensa imejificha ndani ya shimo lake, ikasoma joto la chuma na la oili iliyolala. Pili, tazama boliti yako inaelekea wapi. Ikiwa iko ubavuni mwa sampu, mambo ni mazuri. Ikiwa inatazama chini, sensa na waya wake ndivyo vitakuwa vitu vya kwanza kukutana na jiwe, na ikivunjika pale hupotezi geji tu, unapoteza oili yote. Usumbufu mdogo unaobaki ni kuchomoa waya kila unapobadilisha oili.

Bwana_Namba

Wakuu, mbona njia ya tatu mnairuka? Kabla hajanunua chuma chochote, mtoa mada aiulize kompyuta ya gari lake. Katika huduma ya 01 ya OBD-II kuna ombi namba 5C, ambalo ni joto la oili ya injini. Jibu lake ni baiti moja. Ukiigeuza kuwa namba ya kawaida na kutoa 40, umepata nyuzi za sentigredi. Hakuna kutoboa, hakuna kuvujisha, na kifaa unaweza kukihamishia gari jingine.

Tatizo ni kwamba magari mengi hayajibu ombi hilo kwa sababu hayana sensa ya oili. Mengine yana sensa lakini hujibu kwa maombi ya kampuni yenyewe tu, kwa hiyo unahitaji programu inayoijua lugha ya gari lako. Kundi la tatu ndilo la kuogopa: linajibu vizuri kabisa, lakini namba yenyewe ni hesabu iliyokisiwa na kompyuta kutokana na joto la maji, mizunguko ya injini na mzigo. Hesabu hiyo inaweza kuwa nzuri barabara ikiwa tambarare, lakini haijui kwamba oili yako imepungua lita moja au kwamba kipoza oili kimeziba matope.

Kutambua si kazi ngumu. Washa swichi ya gari lililolala usiku kucha, usome oili na maji kabla injini haijaunguruma: zote mbili zinapaswa kuwa karibu na joto la hewa. Endesha ukiangalia, oili ya kweli huchelewa nyuma ya maji, kisha kwenye mzigo huyapita. Ikiwa mistari yote miwili inapanda sambamba kama reli, shuku. Halafu zima gari likiwa moto, subiri kiasi, uwashe tena. Namba ya kukisiwa mara nyingine huanza upya mahali pasipoeleweka, wakati sensa halisi huendelea pale joto lilipo. Na ukimaliza, kifaa kichomoe kwenye soketi, maana vingine havilali na hunyonya betri gari likikaa siku kadhaa.

KifaaKongwe

Vijana, mmeisahau geji isiyohitaji umeme wala kompyuta. Ile ya zamani ina tungi dogo linaloingia kwenye oili, bomba jembamba la shaba lenye kimiminika kinachopata mvuke, na upande wa geji kuna bomba bapa lililopindwa ambalo hunyooka mvuke unapolisukuma, likageuza sindano. Betri ikifa inaendelea kusoma. Waya ukikatika haikuhusu, kwa kuwa haina waya isipokuwa wa taa.

FundiUmeme

Mzee KifaaKongwe, shikamoo. Usemayo ni kweli, na kwenye trekta au jenereta ningeifunga bila kusita. Kwenye gari dogo la leo bomba lile ndilo mzigo: halikatwi, halikunjwi kwa kona kali, na tundu la kulipitisha kwenye ukuta wa injini lazima lipitishe tungi zima. Likipasuka mahali popote, geji nzima imekwisha.

Kipandamlima (mtoa mada)

Nashukuru sana. Swali la nyongeza: fundi mmoja amenishauri nisihangaike na bamba wala sampu, bali nitoe swichi ya taa ya presha ya oili, niweke kiungo cha T, upande mmoja niirudishe swichi na upande wa pili niweke sensa ya joto. Anasema ni kazi ya nusu saa. Kuna ubaya gani?

FundiUmeme

Kwa sensa ya presha ushauri huo unakubalika. Kwa joto haufai. Presha hufika hata kwenye kichochoro kisicho na njia ya kutokea, lakini joto huletwa na oili inayotembea, na ndani ya kiungo cha T oili haitembei. Utakuwa unasoma oili iliyosimama ndani ya kipande cha shaba kinachopigwa na hewa: itachelewa sana, na ikifika itasoma chini ya ukweli. Hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na geji, kwa kuwa utapanda mlima ukiwa na imani.

Hata ukiamua kuweka presha pale, meno ya swichi yachunguze. Magari mengi ya Kijapani yana 1/8 BSPT, yenye meno 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Marekani ni 1/8 NPT, yenye meno 27. Na za Ulaya mara nyingi ni M10 x 1. Tofauti ya jino moja kwa inchi huwafanya watu walazimishe kwa spana, na bloku ya alumini haisamehe. Usining'inize pia sensa nzito kwenye kiungo cha shaba kilichokaza moja kwa moja kwenye bloku. Mtetemo wa injini hukikata shingoni. Tumia mpira mfupi wa presha uipeleke sensa mahali patulivu.

Niongeze jambo la umeme ambalo huharibu ulinganisho wa watu wengi. Sensa ya waya mmoja hupata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kupitia meno yake, yaani kupitia bamba na bloku. Mtu akiizungushia utepe mweupe wa mabomba kwa wingi, ethi inadhoofika, ukinzani unaongezeka, na kwa kuwa sensa nyingi za aina hii hupunguza ukinzani joto linapopanda, geji hutafsiri kasoro hiyo kuwa baridi. Oili ina nyuzi 120, geji inasema 105. Kwa hiyo nunua sensa ya waya mbili yenye ethi yake, na sensa na geji vitoke kwenye seti moja. Sensa ya kampuni ya VDO ya nyuzi 50 hadi 150 ina mkunjo wake wa ukinzani, yaani jinsi ukinzani unavyobadilika kwa joto. Ukiiunganisha na geji iliyotengenezwa kwa mkunjo mwingine, sindano itasogea vizuri tu na kila namba itakuwa ya uongo.

DaktariWaOili

Mjadala ni mzuri, ila hakuna aliyesema namba yenyewe ina maana gani. Kwa injini nyingi za petroli, oili ikiwa kati ya nyuzi 90 na 110 hapo ndipo nyumbani kwake. Chini ya 80 si afya ya kudumu: maji na petroli vinavyopenya kwenye oili havipati nafasi ya kuondoka kama mvuke, na mtu anayeendesha safari fupi tupu hujaza sampu kwa vitu hivyo. Kwenye mzigo mzito 120 si habari ya kutisha ukiwa na oili nzuri ya sintetiki. Ikifika 130 punguza mguu. Ikiikaribia 150, mahali pa kuegesha patafutwe.

Sababu zake ziko kwenye kopo lenyewe. Daraja la SAE 30 au 40 (namba ya uzito wa oili) hupimwa mnato kwenye nyuzi 100: la 30 liko kati ya 9.3 na 12.5 kwa milimita za mraba kwa sekunde, na la 40 huanzia 12.5 hadi 16.3. Kuna kipimo kingine cha mnato cha nyuzi 150 oili ikisuguliwa kwa kasi kubwa kati ya nyuso mbili, na hapo SAE 30 haitakiwi kushuka chini ya 2.9 mPa·s, ilhali 5W-40 (ya daraja la 40) haitakiwi kushuka chini ya 3.5. Anayevuta tela azitazame namba hizo za mwisho kuliko maandishi makubwa ya mbele. Zaidi ya hayo, kwa kanuni ya jumla kasi ya oili kuungana na oksijeni huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Mwenye kuona 125 kila safari asisubiri kilomita zote za kitabu kabla ya kubadilisha oili.

MamaTela

Daktari, nakubaliana nawe kwa bamba, lakini namba hizo mtu asizibebe kama zilivyo akaziweka kwenye sensa ya sampu. Sampu yangu yenye upepo mzuri inaweza kuonyesha 115 wakati oili inayotoka kwenye turbo ina joto kubwa zaidi. Ndiyo maana king'ora changu nimekitega kwenye 120, wala sisubiri 130. Muhimu zaidi ni kujua desturi ya gari lako. Mlima ule ule, tela lile lile, hali ya hewa ile ile: ikiwa kawaida ni 112 na leo ni 122, kuna kitu kimebadilika, na kitu cha kwanza cha kukagua ni kiwango cha oili kwenye kijiti.

DaktariWaOili

Hilo napokea bila ubishi. Na ukiwa na geji ya presha pembeni, zisome pamoja. Oili ikiwa moto huwa nyepesi, na presha ya injini isiyokanyagwa hushuka. Presha ikishuka huku joto likiwa la kawaida, hilo ni suala jingine, na si la kusubiri safari iishe.

Bwana_Namba

Mtoa mada, geji yoyote utakayochagua, ipime kabla ya kufunga. Chukua sensa, iunganishe na geji pamoja na betri mezani, uitumbukize ncha yake kwenye maji yenye barafu iliyopondwa, kisha kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, bila kugusa sakafu ya sufuria. Soma pia ukinzani kwa multimita uulinganishe na jedwali lililokuja na sensa. Kumbuka kwamba maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari tu. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban nyuzi moja, kwa hiyo aliye kwenye mita 1,500 atarajie karibu 95. Nimeona watu wakirudisha sensa nzima dukani kwa sababu hawakulizingatia hilo. Geji inayoanzia nyuzi 50 haitakuonyesha barafu, lakini multimita itakuonyesha.

Kipandamlima (mtoa mada)

Wakuu, nimefuata njia ya Bwana_Namba kwanza. Gari linajibu ombi la 5C, lakini namba ya oili hupanda pamoja na ya maji tangu baridi, na kwenye mwinuko haiyapiti hata nikiwa na tela. Nachukulia kwamba ni ya kukisiwa. Boliti yangu ya sampu inatazama chini kabisa, kwa hiyo ya MamaTela nimeiacha kwa shingo upande. Filta yangu imelala ubavuni na ina nafasi ya kutosha, meno yake ni 3/4-16. Nitachukua bamba, sensa ya waya mbili, na geji ya milimita 52 yenye king'ora na kumbukumbu ya joto la juu kabisa. Nilifikiria kuiweka kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Nauliza pia: baadaye nikiongeza kipoza oili, bamba hilo hilo litafaa?

FundiUmeme

Nguzo usiitumie ikiwa gari lako lina mfuko wa hewa wa pazia. Mfuko ukifunguka, geji itageuka risasi. Iweke karibu na redio au juu ya dashibodi usawa wa usukani.

Kuhusu kipoza oili, nunua sasa bamba lenye matundu ya mabomba na thamostati yake ndani, matundu uyazibe kwa vifuniko mpaka siku hiyo. Thamostati nyingi hufunguka karibu na nyuzi 80, ili oili isizungushwe nje ikiwa bado baridi. Ila uliza sensa inakaa upande gani wa kipoza. Ikiwa kabla yake, utaona joto ambalo injini inazalisha. Ikiwa baada yake, utaona joto linaloingia kwenye beringi, na siku kipoza kikifungwa namba zako zote za zamani zitabadilika maana. Mimi hupendelea baada, mradi nijue.

Siku ya kufunga, safisha uso wa bloku, paka oili kidogo kwenye mpira wa bamba, kaza boliti ya katikati kwa kipimo cha mtengenezaji, waya uupitishe mbali na ekzosi na umeme wake upitie fyuzi ndogo. Washa injini, iache ingurume mpaka oili ipite nyuzi 80, zima, tafuta unyevu kuzunguka mpira kwa karatasi nyeupe, kisha pima kijiti na uongeze oili iliyoingia kwenye bamba.